Aliyeng'oa Masale

Ukitaka kujua Misheni alikula nini siku zake za kwanza huku juu, muulize Dominika. Yeye ndiye aliyempelekea. Asubuhi uji wa ulezi kwenye chupa ya chai, jioni ndizi na maharage kwenye ile hotpoti nyekundu ambayo mama yake aliinunua Tarakea kwa ajili ya wageni tu. Siku arobaini, hakukosa hata moja. Siku za mvua aliifunika hotpoti kwa kanga yake, kichwa chake mwenyewe kikalowa. Baadaye alizikumbuka siku hizo moja moja, na kila aliyoikumbuka ilimchoma.

Jina lake halisi yule bwana ni Efraimu. "Misheni" alibatizwa na watu wa njiani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mtu wa Shinyanga, wa kule mbugani ambako, kwa maneno yake, mtu humwona ng'ombe wake tangu asubuhi mpaka jioni bila kuinuka kwenye kigoda. Kanisa lake lilikuwa mjini Moshi, upande wa Soweto, kanisa jipya la walokole. Walimpandisha kwa pikapu kupita Mkuu, wakapanda naye mpaka lami ilipokatikia, kijiji cha mwisho kabla ya msitu, wakamshusha na sanduku la bati, gitaa na baiskeli.

Baiskeli! Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Huku ni kupanda na kushuka. Utaibeba wewe zaidi ya itakavyokubeba. Wiki ya kwanza aliibeba. Wiki ya pili akaitundika ukutani kama picha ya marehemu.

Hakujua kitu. Alinunua mkungu wa ndizi za kupika akauweka chini ya kitanda akisubiri ziive. Alijaribu kuwasha kuni mbichi mpaka macho yakavimba. Baridi ya saa kumi na moja alfajiri ilimfanya asali huku anaruka-ruka. Dominika aliyaona yote haya akiwa amesimama mlangoni kusubiri chombo, wala hakucheka. Hakuwa mtu wa kucheka upesi. Alimaliza darasa la saba, jina lake halikutoka kwenye waliochaguliwa, akarudi nyumbani kumsaidia mama yake. Tangu hapo alikuwa na kazi mbili: kulima na kutazama.

Aliyempa Misheni mahali ni Leodegar, baba mdogo wa Dominika. Alimpa kibanda kilichokuwa kilabu cha mbege, pombe ya ndizi, na harufu ya mbege haikutoka hata waimbe pambio namna gani. Watu walishangaa, maana Leodegar ni Mkatoliki wa benchi la mbele. Alipoulizwa alisema, "Mungu ni mmoja." Kisha akamwambia shemeji yake, Mama Theodora, mama wa Dominika: "Shemeji, mgeni huyu hana mtu. Wewe una mkono mzuri wa kupika. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mama Theodora akakubali. Yeye ni mjane, na mjane akiombwa na shemeji yake hukubali kwanza, ndipo afikirie.

Dominika alifikiria kwanza. Baba yake mdogo hajawahi kumpa mtu hata kivuli bure. Lakini alinyamaza. Akawa anatazama.

Siku moja, jua likielekea kuzama, alimwona Leodegar akitembea na Misheni kwenye mpaka wa kihamba chao, yaani shamba la nyumbani, lile walilolala humo mababu. Leodegar alikuwa akionyesha kwa kidevu. Dominika alipopita karibu, hotpoti mkononi, alimsikia akisema, "Hayo ndiyo yenyewe, mwanangu. Wanayaheshimu kuliko msalaba." Misheni akatikisa kichwa kwa huzuni kubwa. Dominika akapita. Alisema moyoni, mambo ya dini hayo, yananihusu nini? Neno hilo moja ndilo lililomnyima usingizi baadaye kuliko yote.

Maana walichokuwa wakikitazama ni masale. Sale ni mti mwembamba wenye majani marefu. Hauna tunda, kwa kuni haufai. Kazi yake ni kusema. Ukilipanda mpakani, sale linasema: hapa ndipo. Ukilipanda kaburini, linasema: amelala huyu. Na ukimpelekea jani lake mtu uliyemkosea, linasema: nimekosa, na huyo uliyempelekea hana ruhusa ya kukufukuza hata kama ulimwua ndugu yake. Kwa hiyo hakuna mtu wa huku, awe Mkatoliki, awe Mlutheri, awe mlevi asiyejua Jumapili, anayeng'oa sale la mpaka. Atakayeling'oa, nyumba yake itakauka na watoto wake watakwisha. Padri analijua hilo. Mwenyekiti analijua. Hata mwizi wa kuku analijua.

Masale ya Mama Theodora yalikuwa kumi na saba, yameanzia barabarani yakapanda mpaka kwenye kaburi la mumewe, Ildefonce. Upande huu mibuni ya Ildefonce, upande ule Leodegar. Ildefonce alikuwa amekufa miaka sita iliyopita bila mtoto wa kiume. Alimwacha Mary, aliyeolewa Mabogini kwenye mpunga, na Dominika. Na miaka hiyo sita kahawa ilikuwa imeshuka mpaka watu wanafunga mbuzi kwenye mibuni, lakini barabara ilikuwa imepanda thamani. Wanunuzi binafsi walipita na malori yao, bidhaa za Kenya zilipita usiku na mchana. Mwenye kipande cha barabarani angeweza kujenga duka. Leodegar alipungukiwa hatua nane tu za barabarani, na masale ya kaka yake ndiyo yaliyomzuia.

Siku ya arobaini ilikuwa Jumamosi. Mama na binti waliamka wakaenda sokoni Mkuu na matenga ya ndizi. Waliporudi mchana waliona moshi mzito, moshi wa kitu kibichi. Kwanza walidhani ni jikoni kwa mtu. Kisha wakasikia gitaa.

Misheni alikuwa amesimama kando ya lundo linalofuka, udongo umempanda mpaka magotini, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Alipowaona alinyoosha mikono.

"Mama! Dada! Bwana ameshinda! Mmewekwa huru!"

Kumi na saba yote. Mashimo yalikuwa wazi, yamejipanga kama meno yaliyong'olewa. Mama Theodora alikaa chini pale pale barabarani, tenga likiwa bado kichwani.

Dominika alimsogelea Misheni. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Nani amekutuma?"

"Roho, dada yangu."

"Huyo Roho anaitwa nani? Anakaa nyumba gani?"

Misheni alicheka kwa upole, kama mtu anayemcheka mtoto. "Utaelewa polepole," alisema.

Kama si mama yake kulitaja jina lake kwa chini, Dominika angemtia kichwa kwenye lile lundo.

Jirani yao, Bibi Salvina, alikuwa ameona mwanzo mpaka mwisho akiwa ukingoni kwake. Ndiye aliyewaambia. "Alikuja na vijana wake saba, wale aliowaokoa. Na mjukuu wangu Fredy yumo, kichwa maji yule. Lakini sikiliza nikuambie mwanangu. Aliyeshika jembe ni yeye peke yake. Wale saba wameimba mpaka mishipa imetoka, mikono yote mifukoni. Saba! Mikono mifukoni kama wanatafuta chenji."

"Na baba mdogo?"

"Alikuwa amekaa kwake anakunywa chai. Ameugeuzia mpaka mgongo."

Jumatatu lori la mawe likamwaga mawe ya msingi ndani ya mibuni ya Ildefonce.

*

Baraza lilikaa Jumatano nyumbani kwa Mzee Antoni, mwenyekiti wa kitongoji.

"Theodora," Mzee Antoni alisema, "tuonyeshe mpaka wako."

"Mzee, unaujua. Siku Ildefonce anaupalilia wewe ulikuwa pembeni unamalizia mbege yake."

Watu walicheka. Mzee Antoni naye alicheka, kisha akaacha. "Antoni anaujua. Lakini hapa mimi si Antoni, ni baraza. Baraza linataka sale."

"Na mimi nalitaka hilo hilo," akasema Leodegar. Alikuwa amevaa koti la kanisani. "Sale liko wapi, shemeji? Mpaka bila sale ni hadithi ya jikoni. Sisi tangu zamani mpaka wetu ni ule mfereji wa maji."

Mfereji ulikuwa ndani zaidi, upande wa Mama Theodora, chini tu ya nyumba yake. Mtu mmoja akaguna. "Leodegar, mpaka ukiwa mfereji, kaburi la kaka yako si litakuwa kwako?"

"Ni kaka yangu. Atakosa kulala kwangu?"

Dominika alisikia damu ikimpiga masikioni. Aliwatazama watu waliokuwa kwenye benchi, mmoja mmoja, na kila aliyetazamwa alikuta kitu cha kuangalia chini. Wote walijua. Lakini pikapu inayoshusha wagonjwa hospitali ni ya Leodegar, na hakuna mwingine mwenye nayo huku juu. Tena desturi iliwapa pa kujificha: sale likiondoka, anayeonyesha lilipokuwa ni yule aliyeliondoa. Mkono wake ndio shahidi.

"Basi aitwe mkono," alisema Mzee Antoni.

Misheni akasimama. Hakuwa na ule uso wa bwana harusi tena. Alimtazama Leodegar, akatazama viatu vyake. Askofu wake alikuwa aje na wageni mwisho wa mwezi kukiweka wakfu kile kibanda. Walikuwa wamekwisha chapisha mpaka kadi.

"Siku ile..." alisema, "tulikuwa katika maombi. Sikuweka alama yoyote."

"Mashimo ulichimba wewe?"

"Nilichimba. Lakini yamefukiwa. Sina hakika, wazee wangu. Sina hakika."

Yalifukiwa na vibarua wa Leodegar, hilo kila mtu aliliona. Mzee Antoni akafunga daftari lake polepole. "Tutakaa tena Jumatatu ijayo. Asipopatikana wa kuonyesha, nitaandika mfereji."

Njiani Mama Theodora alitembea mbele bila kugeuka. Alipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kaburini, akakaa. Dominika aliichukua ile hotpoti nyekundu, akaiosha, akaipandisha juu kabisa ya kabati, mahali ambapo mkono haufiki bila kigoda.

*

Ijumaa Misheni alikuja. Alimkuta Dominika nyuma ya zizi akimkatia ng'ombe mgomba, panga linapanda na kushuka.

"Dada Dominika. Habari za hapa?"

Panga likashuka.

"Nimekukosea nini, dada?"

"Umekula?"

"Sijala tangu juzi."

"Vizuri."

Alisimama pale, mrefu, koti limemlegea. Mwingine angemwonea huruma. Dominika alimtazama akahesabu moyoni vikombe vya ulezi.

"Najua mmekasirika," alianza. "Hata manabii walipovunja sanamu, watu walikasirika. Lakini ile miti mliiabudu..."

"Nani alikuambia?"

"Baba yako mdogo. Mtu mzima, mwenye—"

"Yeye anayo kwake?"

"Nini?"

"Masale. Upande wa pili wa shamba lake, kwa Martin. Unapita pale kila siku kwenda kuchota maji. Yapo au hayapo?"

Misheni aligeukia upande wa kwa Martin.

"Yapo," alisema Dominika. "Mazuri, yamepaliliwa. Sasa kwa nini hakukutuma uanze kwake? Kwa nini kwa mjane?" Panga likashuka. "Na wale vijana wako. Kwa nini hawakushika jembe?"

"Imani yao bado changa."

"Imani! Walikuwa wanakuangalia kama mtu anavyomwangalia kipofu akielekea korongoni. Wanaimba! Wewe ulichoma mpaka, Misheni. Hukuchoma mungu. Hakuna mtu aliyeuabudu ule mti hata siku moja. Baba alifariki miaka sita imepita, na miaka yote sita baba mdogo anautafuta mkono. Wa kwake anauogopea laana. Wa mtu wa hapa hakuna anayeutoa. Ukaja wewe na baiskeli yako." Sasa sauti yake haikuwa ndogo tena, ng'ombe aliacha kutafuna. "Alikuwa hana haja na Yesu wako. Alikuwa na haja na mkono wako. Amekupa kibanda, sisi tumekupa chakula, na nguvu za kuchimba mashimo kumi na saba umezipata kwenye ndizi zetu!"

Misheni aliitazama mikono yake, kiganja na mgongo, kama kitu alichoazimwa. Kisha akasema, polepole, "Kwa nini hukuniambia?"

Hapo alimgusa penyewe, maana ndilo swali alilojiuliza mwenyewe kila alipolala. Hasira ya mtu ikikutana na kosa lake mwenyewe huwa mbaya zaidi. Dominika alilichomeka panga ardhini.

"Kwa nini hukuniuliza? Siku arobaini nimesimama mlangoni kwako nasubiri chombo. Umeniuliza kama namjua Yesu. Umeniuliza kama nimeokoka. Umeniuliza kama ndizi za chini ya kitanda zimeiva. Ule mti unaopita mbele yake asubuhi na jioni, hukuniuliza hata mara moja ni wa nini. Uliona mpishi. Hukuona mtu wa kuulizwa."

Upepo wa mlimani ulipita juu ya migomba. Misheni alipiga goti pale kwenye maganda, ghafla, kama aliyekatwa.

"Nisamehe, dada."

"Inuka. Maneno hayapokelewi kwetu. Kila mtu ana mdomo. Ukitaka msamaha unakuja na sale, unamletea mama."

"Nitalitoa wapi?"

"Yetu si uliyachoma? Kaombe kwa watu. Mchana, watu wakiwepo. Na kila utakayemwomba atakuuliza ni la nini."

Alielewa. Dominika aliona kabisa alivyoelewa, na alivyoanza kukifikiria kibanda na askofu na zile kadi. Aliondoka bila kusema atafanya au hatafanya. Jumamosi nzima haikusikika gitaa.

*

Jumapili misa ilipokwisha, Misheni alikuwa amesimama nje ya geti la kanisa Katoliki. Hakuwa na Biblia wala gitaa. Watu walidhani amekuja kuwahubiria, wengine wakaanza kukunja uso.

Alimwendea Martin, yule wa mpaka wa pili. "Baba, shikamoo. Naomba jani la sale."

"La nini?"

"Nimemkosea Mama Theodora. Niling'oa mpaka wake."

"Ulisema baraza lilipokaa kwamba huna hakika."

"Nilisema uongo. Nilikiogopea kibanda."

Kelele za watu zikapungua. Dominika alikuwa kwenye ngazi na gauni lake la Jumapili, mkono wa mama yake mkononi, hakusogea hata unyayo.

Martin akakuna kidevu. "La kwangu lipo mpakani na mwenzangu," alisema. "Siligusi." Akapisha. Misheni akamwendea wa pili, wa tatu. Kila mmoja, "La nini?" Na kila mara alilisema upya, na kila mara watu walizidi kumzunguka. Alipomfikia Bibi Salvina, bibi aliweka kiganja sikioni.

"Eti?"

"Niling'oa mpaka wa Mama Theodora, bibi."

"Paza sauti, mwanangu. Masikio ya uzee."

"Niling'oa mpaka wa Mama Theodora!"

"Kwa kutumwa na nani? Hilo ndilo silisikii kabisa."

Watu wakaangua kicheko, maana Bibi Salvina husikia jogoo wa kijiji cha pili. Misheni akafumba macho. "Kwa kuonyeshwa na baba Leodegar!"

"Haya, hapo nimesikia. Twende nikupe."

Akatangulia na mkongojo wake, Misheni nyuma, na kanisa zima nyuma yao. Leodegar, ambaye hutoka wa mwisho kwa kuwa hubaki kumsalimia padri, alitoka akakuta uwanja mtupu.

Bibi Salvina alikata jani kando ya mlango wake. Misheni akalipokea, akataka kwenda nalo hivyo hivyo. "Lifunge fundo, mjinga wewe! Jani lisilo na fundo ni takataka." Fundo la kwanza lilifunguka. La pili bibi alimfungia.

Mama Theodora alikuwa amekwisha fika nyumbani, amekaa kwenye kigoda, gauni la kanisani bado mwilini. Misheni alipiga magoti akamnyooshea jani kwa mikono miwili. Uwanja ulijaa, lakini kuku ndio waliosikika.

Mama aliliangalia lile jani. Aliliangalia mpaka mikono ya Misheni ikaanza kushuka. Dominika aliomba moyoni, mama, mwache. Mwache mpaka jua lizame. Mwache mpaka magoti yaote mizizi. Lakini mama alinyoosha mkono akalipokea, akaliweka mapajani, akalipapasa lile fundo kwa kidole.

"Nimelipokea," alisema. "Inuka, umekonda."

Watu walishusha pumzi, akina mama wengine wakapiga vigelegele. Misheni aliinuka machozi yanamtoka, akaanza, "Bwana ase—"

"Ngoja," alisema Dominika.

Wote waligeuka. Hawakuzoea kumsikia.

"Jani ni la msamaha. Umesamehewa. Lakini jani halioti. Mpaka unataka shina."

"Sema unavyotaka, dada."

"Kumi na saba. Utayapanda wewe, kwenye mashimo yale yale, leo, macho ya watu yakiwepo."

"Leo Jumapili..."

"Uliyang'oa Jumamosi ukiimba. Utayapanda Jumapili ukiwa kimya."

Mzee Antoni, aliyekuwa ameegemea mwembe pori wa pembeni, aliitikia, "Hapo amesema." Bibi Salvina akamtuma Fredy kwake akakate mashina matano ya uani. Martin akakumbuka kwamba na yeye anayo ya uani. Mwingine mawili, mwingine matatu. Watu wale wale wa benchi la Jumatano, walioangalia chini, sasa walikuwa wakipokezana mashina kama wanajenga nyumba ya harusi. Dominika aliwatazama akasema moyoni, mbona mlikuwa mnajua njia.

Misheni alianzia barabarani. "La kwanza ni hapa. Niliweka koti langu juu ya hili jiwe." Jembe likazama kwenye udongo laini, likatoka na majivu. Akasogea. La pili. La tatu. Mkono ulikumbuka wenyewe. La saba liliangukia katikati ya lile lundo la mawe ya msingi. Akavua koti, akayahamisha mawe moja moja, akayarudisha upande wa Leodegar, hakuna aliyemsaidia wala aliyemzuia.

Alikuwa kwenye la kumi na moja Leodegar alipofika. Alikuwa na jembe, na wanawe wawili wakubwa nyuma.

"Nani amekupa ruhusa? Ng'oa hayo! Efraimu, nasema ng'oa sasa hivi!"

Misheni alisimama akafuta jasho. Alikuwa amechoka, njaa ilikuwa imemchonga uso, lakini hakutazama viatu.

"Nimekwisha ng'oa mara moja kwa ajili yako, baba. Safari hii ng'oa wewe."

Leodegar akaliendea sale la kwanza. Lilikuwa kijiti tu, mtoto angelichomoa kwa vidole viwili. Aliinama nusu. Kijiji kizima kilikuwa kimesimama kikimtazama. Mzee Antoni alivua hata kofia. Leodegar akawageukia wanawe. Wanawe, wote wawili, walikuwa na mikono mifukoni.

Akabaki ameinama pale kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Kisha akajinyoosha, na ule mkono uliokuwa ukielekea kwenye sale ukaenda taratibu mfukoni mwa koti la kanisani.

"Kesho nikikute kibanda changu kitupu," alimwambia Misheni.

"Ndiyo, baba."

"Na harufu ya jasho lako uitoe."

"Ya mbege nitaiacha," alisema Misheni, na mtu mmoja nyuma akashindwa kujizuia, akacheka.

Leodegar akaondoka. Mzee Antoni akavaa kofia. "Theodora, Jumatatu msije. Baraza limeona."

Watu walipungua mmoja mmoja, kila mtu akaenda kwenye chakula chake. Walibaki watatu. Misheni alipanda la kumi na tano, akageuka kumtazama Dominika, aliyekuwa amesimama pale pale tangu mwanzo, mikono kifuani.

"Dada. Na wewe umenisamehe?"

"Aliyeletewa jani ni mama. Mimi hujaniletea kitu."

Alikubali kwa kichwa.

"Bado mawili," alisema Dominika. "Lile la kaburini chimba kwa mikono. Baba hapigiwi jembe kichwani."

Akachimba kwa mikono. Mama Theodora aliingia ndani, na baada ya muda akasikika akivuta kigoda mpaka kwenye kabati. Alipotoka alikuwa na ile hotpoti nyekundu, inatoa mvuke.

"Mpelekee," alisema.

"Mama!"

"Jani nimelipokea mimi, au nani? Mpelekee."

Dominika aliipokea. Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yameanza kudondoka kutoka mlimani. Safari hii hakuifunika kwa kanga. Aliibeba mpaka kwenye lile jiwe la barabarani, urefu wote wa mpaka, masale kumi na saba, kutoka pale kaburini Misheni alipopiga magoti, akaitua juu yake, akarudi ndani bila kumwita.

Mwenye njaa, miguu anayo.